Barua Zisizotakiwa, na Namna ya Kuzichambua

Kila mwanachama ajua kuwa karafuu haitoki mtini ikaingia guniani. Sharti ichambuliwe, karafuu iende kwake na kikonyo kiende kwake, kisha ianikwe, na hata ikisha kukauka hutazamwa tena ili mpeta na vumbi visichanganyike na karafuu safi. Kazi hii hatukufundishwa kwa kitabu. Tumeikuta barazani kwa wazee wetu, usiku wa msimu, wakubwa kwa wadogo wamelizunguka jamvi. Mwezi huu twapenda kuzungumza na wanachama habari za uchambuzi mwingine, nao ni wa barua pepe, zile zitujiazo kwa njia ya kompyuta na simu.

Wengi wetu sasa tuna sanduku la barua pepe, hata baadhi ya wasiojua kuwa wanalo, kwani simu nyingi za siku hizi humtaka mwenyewe afungue sanduku la Gmail siku ile ile anapoinunua. Mtu hununua simu Chake Chake au Wete, kijana wa dukani akamfungulia sanduku, na baada ya miezi michache mwenyewe hulikuta limefurika. Chama huandika huko, benki huandika huko, vyuo waliko watoto wetu huandika huko, na watu wa ng'ambo wanaouliza habari za viungo na mafuta huandika huko huko. Pamoja na hao huja wageni wasioalikwa, nao ndio wengi.

Wageni hawa si wa namna moja. Wapo wauzaji wa kweli, ila wamezidi kelele, leo viatu kesho saa. Yupo mjane aliyeachiwa na mumewe mamilioni ya dola katika benki, naye katika ulimwengu mzima hakumwona mtu wa kumrithisha ila mkulima wa Pemba asiyemjua hata kwa jina. Yupo asemaye kuwa kifurushi chako kimezuiliwa, lipa ushuru kidogo kitolewe, hali hukuagiza kitu. Yupo ajifanyaye kuwa ndiye mwenye kampuni ya barua yenyewe, ataka umpe neno lako la siri, ati sanduku litafungwa kesho. Na yupo aliye hatari zaidi kwetu, maana amezisoma shughuli zetu: mnunuzi wa uongo. Huyu ataka tani kadhaa za karafuu. Habishani juu ya bei, haulizi unyevu wala usafi kama waulizavyo wanunuzi, kila utajalo hulikubali. Kisha ataka utangulize ada ya usajili, au ya wakili, au ya cheti. Kila mwanachama ajua kuwa karafuu kavu huuzwa katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Mtu asemaye kuwa atazinunua nyumbani kwako kwa bei maradufu, kwanza hajui sheria ya nchi, na pili hana haja na karafuu. Haja yake ni hiyo ada.

Hila yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipelekewa barua za kalamu na mtu aliyejidai kuwa amefungwa Hispania, ati ana hazina iliyofichwa, na msomaji akitoa fedha za kumtoa gerezani watagawana. Kilichozidi siku hizi ni wepesi. Barua ya kalamu ilitaka karatasi na stempu kwa kila mtu, hivyo mwongo alikuwa na gharama na alichagua wa kumwandikia. Barua pepe hupelekwa kwa watu milioni kwa takriban gharama ile ile ya kumpelekea mmoja, na akipatikana mjinga mmoja tu katika hao, mwongo amekwisha kula faida.

Wanaoandika historia ya mambo haya huitaja tarehe 3 Mei 1978. Siku hiyo Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliwapelekea watu wapatao 400 kwa mara moja tangazo la kompyuta mpya za kampuni yake, katika mtandao wa Arpanet ulioitangulia intaneti. Wengi walichukia, lakini njia ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwezi wa Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walitawanya katika maelfu ya mabaraza ya mtandao wa Usenet tangazo la kuwaandikisha watu katika bahati nasibu ya kadi ya kijani ya Marekani. Jina la bahati nasibu hiyo limekuwa chambo cha matapeli tangu hapo, na hata huku kwetu wapo vijana waliolipa ada kwa watu wasiohusika nayo hata chembe.

Jina la Kiingereza la barua hizi, Spam, lina kichekesho chake, na kwa sisi Waislamu kichekesho kimezidi. Ni jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937 na kampuni ya Hormel, na nyama yenyewe ni ya nguruwe. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Kiingereza waitwao Monty Python walionyesha katika televisheni mchezo wa mkahawa ambao vyakula vyake karibu vyote vina nyama hiyo, na jina lake lapigiwa kelele hata watu hawasikilizani. Wenye kompyuta wakalichukua jina hilo kwa maneno yarudiwayo mpaka yakazima mazungumzo ya watu. Basi akikwambia mtu kuwa sanduku lako limejaa Spam, jua amekutajia kitu ambacho hungekitia mezani. Sisi tutasema barua taka.

Wenye masanduku makubwa, kama vile Google wenye Gmail, wamekwisha kuweka chujio lao mlangoni, nalo hufanya kazi usiku na mchana bila ya sisi kuliomba. Yafaa kufahamu jinsi lifanyavyo kazi, maana asiyefahamu hulaumu pasipo lawama na huamini pasipo amana. Na aliyeonja chuoni elimu ya Hadithi hatapata taabu. Wanavyuoni walitazama mambo mawili: sanadi, yaani nani kapokea kwa nani hata ikafika, na matini, yaani maneno yenyewe. Chujio la barua hufanya vivyo hivyo.

Kila barua pepe huchukua juu yake, pasipoonekana na msomaji wa kawaida, orodha ya mashine zilizopokezana mpaka ikafika. Jina la mwandishi lionekanalo juu ya barua si hoja, kwani mtu yeyote aweza kujiandika jina alitakalo, kama mtu awezavyo kuandika jina la Kadhi nyuma ya bahasha. Kwa hiyo mashine huuliza: huyu asemaye kuwa atoka benki fulani, je, mashine iliyomleta imeruhusiwa na benki hiyo? Je, barua ina muhuri wa siri wa benki, na muhuri wenyewe haukuvunjwa njiani? Tangu Februari 2024 Google imewashurutisha wanaopeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa wenye masanduku ya Gmail wawe na vithibitisho hivi, na tangu mwaka huo huo wanaopeleka matangazo kwa wingi namna hiyo hutakiwa waweke njia nyepesi ya mtu kujitoa. Asiye na sanadi hurudishwa au hutupwa takani.

Matini nayo hupimwa kwa hesabu. Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761, aliacha karatasi iliyochapishwa mwaka 1763 juu ya namna ya kupima uwezekano wa jambo kwa dalili zionekanazo. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu aitwaye Paul Graham aliandika makala iliyosomwa sana, akionyesha jinsi hesabu hiyo iwezavyo kutenga barua taka. Mashine huhesabu kila neno: limeonekana mara ngapi katika barua zilizoitwa taka, na mara ngapi katika barua za haki. Neno moja halimhukumu mtu. Lakini yakikusanyika maneno mengi yenye sifa mbaya, mizani huinama. Siku hizi mashine zina njia nyingine nyingi zaidi ya hiyo, walakini jambo moja halikubadilika: hujifunza kwa kuangalia watu wanaita nini taka na nini si taka.

Hapa ndipo penye taabu yetu sisi watu wa karafuu. Barua taka hupenda sana kuzungumza habari za mafuta ya tiba, dawa za miti shamba, nguvu za mwili, bei ya jumla, ubora wa kwanza, tani, dola, na kujibiwa upesi. Sasa itazame barua ya haki ya mtu atakaye mafuta ya mimea ya huku kwetu. Naye atataja mafuta. Pengine atataja tiba ya meno, maana karafuu ndiyo yenye eugenoli itiayo ganzi jino. Atauliza bei ya jumla na ubora, atataja vipimo na dola, na mwisho ataomba ajibiwe upesi. Na akiwa ni mfanyabiashara mdogo, huenda sanduku lake halikutengenezwa vizuri, sanadi yake ina mapengo. Kwa macho ya mashine, mtu mwema huyu amevaa nguo za mwizi.

Haya si ya kudhania. Mwenzetu mmoja wa upande wa Micheweni, apikaye mafuta ya mchaichai, alimpelekea mtu wa Muscat sampuli ya mafuta yake, akangoja jibu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Akaliandika jina la mnunuzi katika nafasi ya kutafutia barua, lisionekane. Akasema moyoni kuwa mafuta hayakupendeza. Siku moja alikuja ofisini kwa jambo la miche, na katika mazungumzo tukalifungua sanduku lake pamoja naye, tukaingia upande wa taka. Barua ilikuwa humo, ina siku 24. Gmail hufuta barua taka zikitimia siku 30, hivyo zilibaki siku sita ipotee isionekane tena. Mnunuzi alitaka lita 40. Mwenzetu alijibu pale pale, amesimama, hakutaka hata kiti. Jibu lilikuja kesho yake kwamba nusu amekwisha kuinunua kwa mtu mwingine, na nusu angali anaitaka.

Wanachama waangalie jambo moja katika habari hii. Utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii katika taka wala katika barua zilizofutwa. Mtu akitafuta asione, hudhani haikuja. Sharti aingie katika taka kwa miguu yake mwenyewe na atazame kwa macho, nasi twaona yafaa iwe kila wiki. Ijumaa kabla ya kwenda msikitini yatosha dakika tano. Ukiiona barua ya haki humo, usiisome tu ukaiacha. Bonyeza palipoandikwa kuwa hii si taka, ili irudi mahali pake na mashine ijifunze.

Kwa hiyo rai yetu ni hii, ingawa wapo watakaoiona imepinduka: chujio la kwanza usimwekee adui, mwekee rafiki. Watu wengi waliotujia wakitaka machujio walikuja na hasira, kila mmoja ana barua aichukiayo. Tumewaambia hasira ingoje kwanza.

Kazi yenyewe hufanywa mbele ya kompyuta. Programu ya Gmail ya simuni haina mahali pa kuundia chujio. Lakini likisha kuundwa hufanya kazi popote usomapo barua zako, hata simuni, kwa kuwa lakaa katika mashine za Google wala si katika kompyuta uliyoikalia. Asiye na kompyuta asisikitike, saa moja ya kuazima yatosha muda mrefu. Fungua sanduku lako. Juu pana mstari mrefu wa kutafutia barua, na mwisho wake upande wa kulia pana kialama cha vistari. Ukikibonyeza hufunguka kama fomu ya posta, ina nafasi za kujaza: barua imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, kichwa chake ni nini, ina maneno gani, haina maneno gani. Katika nafasi ya kwanza andika anwani ya mtu ambaye hutaki barua yake ipotee. Wakiwa wengi, watenge kwa neno OR, kwa herufi kubwa. Ikiwa ni jumuiya au ofisi yenye anwani yake yenyewe, usiandike jina la karani, andika ile sehemu ifuatayo alama ya @ peke yake, kwani makarani huhamishwa na ofisi hubaki. Kisha bonyeza palipoandikwa kuunda chujio. Hapo utaulizwa barua hizo zifanywe nini, nawe tia alama penye maneno kuwa zisipelekwe kamwe takani. Ukipenda, ziwekee nyota, au zibandike lebo, kama vile Benki, Chama, Wanunuzi. Bonyeza tena kumaliza.

Ila tahadhari moja. Katika chujio la rafiki usiandike @gmail.com peke yake kwa sababu rafiki yako anatumia Gmail. Ukifanya hivyo umewafungulia mlango watu wote wa dunia wenye Gmail, na wezi wamo. Rafiki wa namna hiyo aandikwe anwani yake kamili, herufi kwa herufi.

Marafiki wakisha kuwekwa salama, ndipo tuje kwa adui. Fomu ni ile ile, lakini majibu ni mengine, na hapa twaomba watu wasikimbilie neno la kufuta. Kijana wa mwanachama mmoja, kwa kumpenda baba yake, alimwekea chujio kwamba kila barua yenye neno mkopo ifutwe, maana mzee alikuwa akisumbuliwa na watu wa mikopo ya haraka. Chujio lilifanya kama lilivyoamriwa. Mzee mwenyewe alikuwa ameomba mkopo wa haki wa kulipia wachumaji, na barua ya kumwita kutia saini ikaingia shimoni pamoja na takataka. Aliyemwokoa ni karani wa benki aliyepiga simu. Kijana hakukosa nia, alikosa kipimo. Neno moja la kawaida halifai kuwa hakimu, hasa kwetu sisi ambao bei, mkopo, mafuta na malipo ni maneno ya kazi zetu. Afadhali umshike mwandishi kuliko neno, na ukishika neno, liwe lile ambalo mtu wa haki hawezi kukuandikia.

Badala ya kufuta, iambie mashine iziruke barua hizo zisiingie mbele ya sanduku, izibandike lebo, tuseme Pembeni. Zitakaa huko, hazikusumbui, nawe wazitazama upatapo nafasi. Baada ya mwezi mmoja au miwili, ukiona hakuna hata moja ya haki iliyoingia Pembeni, hapo waweza kulibadilisha chujio likafuta. Hata zifutwazo hukaa siku 30 katika kapu la takataka kabla ya kupotea, lakini nani hutazama kapu?

Ipo hila moja nzuri ambayo twaipenda sana, nayo haigharimu kitu. Mwenye anwani ya Gmail aweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @, na barua ikamfikia vile vile. Tuchukue mfano wa anwani ya kubuni, jina@gmail.com. Ukitakiwa anwani na duka la mtandaoni, andika jina+duka@gmail.com, ukijiandikisha katika orodha ya wauzaji wa viungo, andika jina+viungo@gmail.com. Zote zitakujia katika sanduku lako moja. Kisha weka chujio katika nafasi ya pili ya fomu, ile ya barua imekwenda kwa nani, kwamba zote za +viungo zibandikwe lebo yake. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: siku utakapoona mjane wa mamilioni anakuandikia kwa +duka, utajua ni nani aliyeitoa anwani yako, au aliyeibiwa daftari lake. Baadhi ya tovuti hukataa alama hiyo, na hapo hapana la kufanya.

Watu huchanganya vitu vitatu: kujitoa, kuzuia, na kushitaki. Kujitoa ni kwa mfanyabiashara wa kweli unayemjua, ambaye wewe mwenyewe ulimpa anwani. Mwambie basi, naye ataacha. Tapeli usimjibu wala usijitoe kwake, kwa kuwa kila ubonyezapo kitu katika barua yake umemwambia kuwa nyumba hii ina watu. Kuzuia, yaani kuikataza anwani moja, huzipeleka barua zake takani, na kwafaa kwa mtu mmoja msumbufu. Kwa tapeli hakuna faida kubwa, kwani hubadilisha anwani kama kanzu. Kwa huyo lililo bora ni kuishitaki barua kuwa ni taka, ili chujio kubwa la mlangoni lijifunze, na wenzako pia wapate nafuu.

Sasa tuseme yale ambayo chujio haliwezi. Ikiwa sanduku la rafiki yako limeibwa, barua itokayo humo ina sanadi sahihi, muhuri sahihi, na pengine hata maneno ni yake mwenyewe, kwani mwizi amekaa humo kimya akisoma. Ikifika siku ya malipo huandika: akaunti yetu imebadilika, tafadhali peleka fedha huku. Hila hii imewafilisi wafanyabiashara katika nchi nyingi, na hakuna chujio la kuitegemea hapo. Sura ya Hujurati imetuagiza kupeleleza kwanza habari tuletewayo na asiyeaminika. Katika mambo ya fedha twaona hata habari ya mtu aaminikaye ipelelezwe, maana huenda si yeye. Barua yoyote ibadilishayo namba ya akaunti, pigia simu mwenyewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo. Uisikie sauti yake.

Tena mwizi naye hupenda machujio. Akiingia katika sanduku la mtu, mara nyingi huweka chujio lake kwa siri, kwamba barua zote za benki zifichwe, au nakala zipelekwe kwake, na mwenye sanduku asijue. Kwa hiyo kila mwanachama aingie katika mipangilio ya sanduku lake, penye orodha ya machujio, kisha penye habari za kupeleka barua mbele, atazame. Akikuta chujio asilolijua, alifute, abadilishe neno la siri siku ile ile, na awashe uthibitisho wa hatua mbili, ambao humtaka aingiaye athibitishe kwa simu pia. Hilo la hatua mbili twalipendekeza kwa kila mtu, hata asiyeibiwa.

Baadhi ya wanachama watasema kuwa taabu yao si barua pepe, ni ujumbe wa simu, ule wa "tuma kwenye namba hii". Machujio tuliyoyaeleza hayafiki huko. Ujumbe wa namna hiyo upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, nayo itakuuliza namba iliyokuandikia. Na kwa upande wa sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kupeleka ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Kwa hiyo aliyetapeliwa asione haya kwenda polisi, na asiifute barua, kwani ndiyo shahidi wake.

Kompyuta ya ofisi imetengwa kwa kazi hii kila Jumatano na Jumamosi, tangu saa 2 asubuhi hata saa 6 mchana. Msimu wa kuchuma ukianza tutafungua baada ya Alasiri, wachumaji wakisha kupimiwa. Hapana malipo. Mwanachama aje na simu yake ikiwa na chaji, na orodha ya watu ambao hataki barua zao zipotee, imeandikwa vizuri pamoja na anwani zao. Neno lake la siri aje nalo kichwani. Ataliandika mwenyewe, nasi tutageuza uso. Walio mbali, upande wa Mkoani na Kengeja, wakifika kumi watuarifu, tutawafuata huko huko, mradi skuli itupe chumba na umeme uwepo.